John Woo: Kutoka Vibandani Hadi Mwongozaji wa Picha

(Hotuba hii ilisomwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, bwaloni. Tumeichapa kama ilivyosomwa. — Mhariri)



Kamati iliniagiza nizungumze juu ya mtu aliyefanikiwa katika kazi yake. Kwa desturi, siku kama ya leo tunasimuliwa maisha ya kiongozi wa nchi, daktari, mhandisi au askofu, na hilo ni jambo jema. Mimi nimeomba ruhusa nizungumze juu ya mtengenezaji wa picha za sinema. Tena si picha za kilimo bora wala za afya, bali picha za bastola na ngumi. Naona baadhi ya walimu wameanza kukunja uso. Nawaomba subira kidogo, maana ninaamini kwamba habari za mtu huyu zinatuhusu sisi wa chama hiki kuliko tunavyodhani.

Wale wa rika langu wanakumbuka jinsi picha za kichina zilivyotuteka. Bruce Lee alifariki mwaka 1973, lakini kwetu aliendelea kuishi miaka mingi baadaye katika majumba kama Avalon, Empire na Odeon kule Dar es Salaam, na katika kila ukumbi mdogo wa mkoani uliokuwa na shuka jeupe na mashine ya milimita 16. Kesho yake shule nzima ilikuwa ikirusha mateke. Sheria ya picha tuliijua sote, nayo ilikuwa moja tu: stelingi hafi. Akipigwa ataamka, akizungukwa atatoka. Hata pale mwisho wa Fist of Fury, Bruce Lee anaporuka kuikabili mitutu ya bunduki, wengi wetu tulitoka tukibishana kwamba hakika hakufa.

Basi mtu ninayetaka kumzungumzia, John Woo, amewaua mastelingi wake wengi sana. Amewaua kwa sababu maalumu, na sababu hiyo hatuwezi kuielewa mpaka tujue alikotoka.

Alizaliwa mwaka 1946 katika mji wa Guangzhou, kusini mwa China, na jina lake la Kichina ni Wu Yusen. Baba yake alikuwa mwalimu, na familia ilikuwa ya Kikristo. Wakati ule China ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1949 Wakomunisti wakashika serikali. Kama walivyofanya maelfu kwa maelfu ya watu wengine, familia yake ilihamia Hong Kong, koloni la Waingereza. Mtoto alikuwa na umri wa miaka mitano hivi.

Hong Kong ya siku hizo haikuwa ile ya maghorofa ya vioo tunayoiona kwenye picha. Wakimbizi walijazana milimani katika vibanda vya mbao, mabati na maturubali, kibanda kimeegemea kibanda. Baba alishikwa na kifua kikuu, akawa hawezi kazi. Mama ndiye aliyekwenda kubeba mizigo penye ujenzi ili watoto wale. Halafu, usiku wa Krismasi ya mwaka 1953, moto ukazuka katika mtaa wa vibanda ulioitwa Shek Kip Mei. Kwa usiku mmoja watu zaidi ya 50,000 walipoteza makazi. Familia ya Woo ilikuwa miongoni mwao, na kwa muda ililala njiani. Baada ya moto ule ndipo serikali ya koloni ilipoanza kujenga majumba ya ghorofa ya kuwaweka waliounguliwa, na huo ukawa mwanzo wa mpango mkubwa wa nyumba za umma wa Hong Kong. Lakini katika mitaa hiyo mipya chumba kilikuwa kidogo, watu walikuwa wengi, na magenge ya wahuni yalikuwa yakitafuta vijana. Mtoto aliyekataa kuingia katika genge alipigwa. Woo mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba alipigwa, na kwamba alikuwa na mahali pawili pa kukimbilia, yaani kanisani na sinema.

Sinema alipelekwa na mama yake. Siku hizo mzazi aliweza kuingia na mtoto mmoja kwa tikiti yake, na mama huyu aliyechoka kubeba mizigo alipenda sana picha za Kimarekani, hasa za nyimbo na ngoma. Picha iliyomwingia mtoto moyoni ilikuwa The Wizard of Oz, hadithi ya msichana anayetaka kurudi nyumbani kwao. Naomba mliweke jina hilo kichwani, maana nitalirudia.

Shule je? Mtoto wa mgonjwa asiye na kazi, aliyelala njiani, atapataje shule? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu ya leo. Aliingia shule amechelewa, akiwa na umri wa miaka tisa hivi, na aliingia kwa sababu familia moja ya Marekani ilituma fedha kwa njia ya kanisa ili asomeshwe. Familia hiyo ilikaa upande wa pili wa dunia. Haikuwa ikisomesha mwongozaji wa picha, ilikuwa ikisomesha mtoto wa vibandani. Kwa fedha hiyo akasoma katika shule za kanisa la Kilutheri, na kwa muda akanuia kuwa mchungaji.

Uchungaji haukuwa. Baba akafariki Woo akiwa bado kijana, na chuo kikuu kikawa ndoto. Shule ya kufundisha sinema haikuwapo Hong Kong. Vijana, sikilizeni alivyofanya. Alisoma vitabu vya sinema katika maktaba. Alichora picha juu ya vipande vya kioo, akavimulika kwa tochi, na michoro ikatembea ukutani. Baadaye yeye na wenzake wakatengeneza picha fupi fupi kwa kamera ndogo. Alitazama picha za Kifaransa na za Kijapani, na mwongozaji mmoja Mfaransa, Jean-Pierre Melville, akawa kama mwalimu wake ingawa hawakuwahi kukaa darasa moja. Picha ya Melville ya mwaka 1967, Le Samouraï, inayomhusu mwuaji wa kukodiwa, mpweke asiyesema sana, ilimkaa kichwani maisha yake yote.

Mwaka 1969 alipata kazi katika kampuni ya Cathay. Kazi yake ilikuwa kufuatilia maandishi ya picha wakati wa kupiga, aangalie kwamba mchezaji aliyeshika kikombe kwa mkono wa kulia asije akaonekana amekishika kwa kushoto. Ni kazi ndogo, lakini inamfundisha mtu kutazama. Mwaka 1971 akahamia kwa ndugu Shaw, kampuni iliyotawala picha za kichina wakati huo, akawa msaidizi wa Chang Cheh. Huyu Chang Cheh ndiye aliyetengeneza One-Armed Swordsman mwaka 1967, na picha zake nyingi zilihusu wanaume walioapiana undugu na kufa kwa ajili ya kiapo. Woo amekiri daima kwamba alijifunza kwake.

Mwaka 1973, akiwa hajafika miaka thelathini, aliongoza picha yake ya kwanza, The Young Dragons, na mpangaji wa mapigano alikuwa kijana mwingine asiyejulikana bado, Jackie Chan. Mwaka 1976 walikutana tena katika Hand of Death. Mtu angedhani kwamba kuanzia hapo njia ilikuwa nyeupe. La hasha. Kwa miaka kama kumi waliomwajiri walimtaka atengeneze vichekesho. Mwaka 1977 kichekesho chake, Money Crazy, kilileta fedha nyingi, basi wakamfunga hapo hapo. Alitaka kuonyesha machozi, akaambiwa alete vicheko. Mnamo mwaka 1979 alipata nafasi ya kutengeneza picha ya panga, Last Hurrah for Chivalry, kisha akarudishwa kwenye vichekesho. Katikati ya miaka ya 1980 picha zake hazikuuza tena, na kampuni ikampeleka Taiwan. Kwa maneno ya ofisini tungesema alipewa uhamisho. Kwa maneno ya mtaani, alitupwa.

Aliyemrudisha ni mwenzake, Tsui Hark, mwongozaji aliyekuwa ameinuka. Tsui alikubali kuwa mtayarishaji wa picha ambayo Woo alitamani kuitengeneza. Picha hiyo ilitoka mwaka 1986, nayo ni A Better Tomorrow, yaani Kesho Iliyo Bora.

Tazameni watu waliokutana humo. Ti Lung alikuwa nyota wa ndugu Shaw zamani, na nyota yake ilikuwa imefifia. Chow Yun-fat alipendwa kwenye televisheni, lakini wenye majumba ya sinema walimwogopa, wakisema jina lake likiwekwa kwenye tangazo watu hawaji. Na mwongozaji mwenyewe alikuwa ametoka kutupwa Taiwan. Hadithi waliyoicheza ilifanana na hali yao. Ho ni jambazi wa noti za bandia ambaye mdogo wake ni polisi. Ho anakamatwa, anafungwa miaka mitatu. Rafiki yake Mark anakwenda kulipiza kisasi, anapigwa risasi mguuni, anakuwa kilema. Ho akitoka jela anamkuta Mark, yule aliyekuwa akivaa koti refu na kuwashia sigara kwa noti, anaosha magari na kuokota chakula. Kila mtu amewasahau. Mwisho Mark anapata mashua ya kumtoa katika hatari, na fedha anayo mkononi. Anaigeuza mashua na kurudi bandarini kwa ajili ya rafiki yake. Anakufa pale, huku akimlaumu yule mdogo mtu kwamba hajui maana ya kuwa na ndugu.

Ndugu zangu, hapo ndipo stelingi alipokufa. Ukumbi wote ulijua kwamba angeweza kuondoka salama. Picha ile ilivunja rekodi ya mapato Hong Kong, ikaingiza zaidi ya dola milioni 34 za huko, na mwaka 1987 ikapewa tuzo ya picha bora, naye Chow Yun-fat tuzo ya mchezaji bora.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana vijana wengi wanamjua stelingi tu. Stelingi ndiye anayeonekana, lakini mwongozaji ndiye anayeamua tuone nini, kwa upande gani, na kwa muda gani. Katika sinema ya filamu, picha 24 zisizotembea hupita mbele ya taa kwa kila sekunde, na jicho letu huziunganisha likadhani mtu anatembea. Ukitaka mtu aonekane anakwenda polepole, unaiharakisha kamera wakati wa kupiga. Mathalani unapiga picha 96 kwa sekunde moja, kisha unazionyesha kwa mwendo ule ule wa 24. Sekunde moja ya maisha inakuwa sekunde nne ukutani. Wanafunzi wa fizikia hesabu hiyo wanaiweza.

Woo aliweka kamera kadhaa mahali pamoja, kila moja na mwendo wake, zikapiga tukio moja kwa wakati mmoja. Halafu mezani, wakati wa kukata na kuunganisha, akachagua pa kukimbia na pa kukawia. Waongozaji wengi walikawiza picha pale mtu anapopigwa risasi. Yeye aghalabu alikawiza pale watu wawili wanapotazamana. Risasi zinapita upesi, uso unabaki. Ndiyo maana wachambuzi walifananisha mapigano yake na ngoma. Mtoto aliyelelewa na picha za nyimbo alipopewa bastola za kuchezea, alizipanga kama anayepanga wachezaji wa ngoma.

Mwaka 1989 alitoa The Killer, na hapo alilipa deni lake kwa Melville. Mwuaji wa kukodiwa, Chow Yun-fat tena, anamharibu macho kwa bahati mbaya mwimbaji wa kike asiye na hatia. Anachukua kazi ya mwisho ili apate fedha ya kumtibu. Polisi anayemwinda anaanza kumheshimu. Pambano la mwisho linapiganwa kanisani, huku njiwa weupe wakiruka kati ya mishumaa. Tangu hapo njiwa wamekuwa kama sahihi yake. Mwisho wa picha hiyo ni mchungu: mwuaji anapigwa risasi machoni, naye na yule msichana wanatambaa sakafuni wakitafutana kwa mikono, wanapishana bila kukutana. Deni halikulipwa. Sijaona picha nyingine ya bastola inayothubutu kumaliza hivyo.

Picha ya mwaka 1990, Bullet in the Head, ndiyo iliyo karibu zaidi na utoto wake. Marafiki watatu wanatoka mitaa ya kimaskini ya Hong Kong mwaka 1967, mwaka wa ghasia, wanakwenda Saigon kutafuta utajiri katikati ya vita. Mmoja wao, kwa ajili ya sanduku la dhahabu, anampiga rafiki yake risasi ya kichwa. Haikufanya vizuri sokoni. Watu walitaka undugu unaoshinda, na hapa walionyeshwa undugu unaouzwa. Lakini yeye alijua kwamba yote mawili yapo. Hata yeye na Tsui Hark, aliyemrudisha kutoka Taiwan, walikuwa wameshatofautiana wakati huo, na ushirikiano wao ukafika mwisho.

Sasa nifike kwenye swali ambalo walimu wangu wanalo mdomoni: je, picha hizi hazifundishi ujambazi? Sitalikwepa. Baada ya A Better Tomorrow, vijana wa Hong Kong walionekana mitaani wamevaa makoti marefu na miwani ya giza kama Mark, katika mji wenye joto na unyevu kama wa pwani yetu. Mwenye kuiga koti anaweza kuiga na bastola. Woo mwenyewe alilaumiwa kwamba anawapamba majambazi, na lawama ilimfikia. Hard Boiled, picha ya mwaka 1992, aliitengeneza akimfanya polisi kuwa stelingi. Pambano lake kubwa liko hospitalini, na katikati ya moshi na moto yule polisi ana kazi ya kuwatoa watoto wachanga. Humo mna kipande kimoja cha dakika mbili na nusu hivi ambacho hakikukatwa hata mara moja: kamera inawafuata watu wawili ukumbini, ndani ya lifti, mpaka ghorofa nyingine, na mafundi wana muda wa safari ya lifti tu kupanga kila kitu upya. Mtu mmoja akikosea hatua, wote wanarudi mwanzo.

Jibu langu basi ni hili. Hatari ipo, na mzazi au mwalimu anayechagua picha ya kumwonyesha mtoto anafanya kazi yake. Picha za Woo ni za watu wazima. Lakini mtu aliyekwisha kukua anapozitazama, na aangalie jambo moja: ni nani anayekufa, na anakufa kwa ajili ya nini. Katika picha ovyo watu mia wanakufa na hakuna anayekumbukwa. Katika picha za Woo nazo wanakufa wengi, hilo sikatai, lakini kifo kinachobaki moyoni ni cha mtu aliyeweza kuondoka na akarudi.

Kisha alikwenda Marekani kuongoza Hard Target, iliyotoka mwaka 1993, akicheza Jean-Claude Van Damme. Anahesabiwa kuwa mwongozaji wa kwanza kutoka China kuongoza picha ya kampuni kubwa ya Hollywood. Msidhani alipokewa kwa zulia. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, na kampuni ikamweka mwongozaji Mmarekani, Sam Raimi, awe tayari kushika nafasi endapo mgeni angeshindwa. Hakushindwa, lakini picha ilikatwakatwa mara kadhaa kabla ya kupewa kibali. Mwaka 1996 akatoa Broken Arrow, na mwaka 1997 Face/Off, ambamo polisi na jambazi, John Travolta na Nicolas Cage, wanabadilishana nyuso.

Niliwaomba mkumbuke The Wizard of Oz. Katika Face/Off kuna pambano la risasi katika nyumba, na katikati yake kuna mtoto mdogo. Mtoto amevishwa vipokea sauti masikioni ili asisikie bunduki, na sauti anayoisikia, ambayo na sisi tunaisikia, ni ule wimbo wa upinde wa mvua kutoka The Wizard of Oz. Vioo vinavunjika, watu wanaanguka, na mtoto anasikiliza wimbo. Ndugu zangu, huyo ni mtoto wa Shek Kip Mei, aliyeingizwa sinema na mama yake wakati nje wahuni wanapigana. Ilimchukua miaka zaidi ya arobaini kuonyesha jambo hilo, na akalionyesha katika picha ya Kimarekani iliyoingiza zaidi ya dola milioni 240.

Mission: Impossible 2 ya mwaka 2000 iliingiza zaidi ya dola milioni 540, ikaongoza duniani kwa mwaka huo. Kisha upepo ukageuka. Windtalkers ya mwaka 2002, juu ya askari wa kabila la Navajo waliotumia lugha yao kama msimbo wa siri katika vita vya pili, iligharimu zaidi ya dola milioni 100 na haikurudisha gharama. Paycheck ya mwaka 2003 haikumsaidia.

Akarudi nyumbani. Mwaka 2008 na 2009 alitoa Red Cliff, picha ya sehemu mbili juu ya vita vya mtoni vya mwaka 208, ambavyo kila mtoto wa Kichina anavijua. Ilikuwa picha ya gharama kubwa kuliko zote zilizowahi kutengenezwa Asia hadi wakati huo, na jeshi la China lilitoa askari wa kujaza viwanja. Iligharimu na roho pia, kwani mwaka 2008 moto uliozuka wakati wa kupiga picha ulimwua mmoja wa wachezaji wa mambo ya hatari na kuwajeruhi wengine. Tunapopiga makofi ukumbini, tuwakumbuke na hao ambao sura zao hazionekani.

Mwaka 2010 tamasha la Venice, Italia, lilimpa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Hakustaafu. Mwaka 2023 alitoa Silent Night, picha ambayo wahusika karibu hawasemi neno, na mwaka 2024 akaitengeneza upya The Killer yake mwenyewe, mara hii mjini Paris, mji wa Melville. Alikuwa anakaribia miaka themanini.

Basi mimi nimejifunza nini? Watu husema Woo ni fundi wa bastola mbili, njiwa na mwendo wa polepole. Hizo ni zana zake. Jambo analolirudia, picha baada ya picha, ni deni la mtu kwa mtu. Ni la Mark kwa Ho, la mwuaji kwa yule msichana, na la polisi kwa mtoto asiye wake. Nadhani mtu aliyesomeshwa na mkono wa mbali hulijua deni hilo mapema. Kuna deni ambalo huwezi kulirudisha kwa aliyekukopesha. Unalolipa unamlipa mwingine.

Kati yetu tuliopo bwaloni humu, ni wangapi waliomaliza kidato cha nne kwa sababu mjomba aliuza ng'ombe, au mwalimu alitoa nauli mfukoni mwake, au mwenzake wa bweni aligawana naye godoro? Sihitaji kuhesabu mikono. Serikali imekwisha kuondoa ada, tangu mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne na tangu mwaka 2022 kwa kidato cha tano na cha sita. Ni hatua kubwa. Lakini Mkuu wa Shule ametueleza asubuhi kwamba kila Januari wapo watoto wanaofika langoni na sanduku tupu, bila godoro, bila sare ya pili, bila nauli ya kurudia likizo. Wengine hawafiki kabisa. Nafasi waliipata, nauli hawakuipata.

Kwa hiyo natoa hoja, Ndugu Mwenyekiti. Mfuko wa chama chetu usitumike tena kwa chakula cha mkutano peke yake. Kila mmoja wetu amchukue mtoto mmoja wa kidato cha kwanza kwa mwaka mmoja: godoro, sare, madaftari na nauli ya kwenda na kurudi. Asiyeweza mmoja, washirikiane wawili au watatu. Wala tusimwulize mtoto atakuwa nani. Familia ile ya Marekani haikuuliza.

Nanyi vijana, msiojua kesho mtaamkia kazi gani: kama mnapenda sinema, msingoje chuo wala kamera ya bei. Siku hizi simu iliyo mfukoni mwa kaka yako inapiga picha bora kuliko kamera aliyoanzia Woo. Anzeni na kutazama: mkono gani umeshika kikombe, nani anamtazama nani.

Mweka Hazina ameketi pale mlangoni na kitabu cha stakabadhi, na orodha ya majina anayo. Mimi nimekwisha kuandikisha la kwanza.